Mashine Inayoruhusiwa Kuharibika

Kahendero ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa George, wilayani Kasese nchini Uganda, kikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ziwa ni pana, kilomita za mraba 250 hivi, lakini kina chake ni kama mita 2.4 kwa wastani, na mstari wa ikweta unapita juu yake. Maisha ya hapa yamebanwa na maji upande mmoja na wanyama upande wa pili. Kulima ndani ya hifadhi ni marufuku, viboko hawaulizi mpaka wa mtu, na idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa kuvua imewekewa kikomo. Baba mwenye kibali cha mtumbwi mmoja hawezi kuwagawia watoto wanne. Wanaobaki nje ya kibali hutafuta riziki kwingine: bodaboda, biashara ya Mpondwe kwenye mpaka na Kongo, kibarua mjini Kasese na, kwa waliobahatika kufika sekondari, kompyuta.

Hiyo kompyuta ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu naona tunawaahidi vijana kitu tusichowapa. Kuitumia kompyuta ni jambo moja, kuwa fundi wake ni jambo jingine kabisa. Ufundi hujifunzwa kwa kuharibu. Anayetaka kujua jinsi mfumo endeshi unavyowaka lazima aufute, ausakinishe upya, abadilishe mipangilio ambayo hakupaswa kuigusa, aone mashine imegoma, kisha akae nayo mpaka ajue kwa nini imegoma. Sasa fikiria maabara ya shule ya sekondari ya Bwera au Muhokya yenye kompyuta chache kwa wanafunzi mia kadhaa. Ni mwalimu gani atamruhusu mtoto afute diski ya mashine ambayo wenzake wataifanyia mtihani wa taifa wa UNEB? Hawezi, na hana kosa. Matokeo yake ni kwamba kijana anamaliza kidato cha sita akijua kupanga safu za jedwali na kupamba barua, bila kuwahi kuona mashine ikiinuka kutoka kwenye diski tupu.

Dawa ya tatizo hili ipo, ni ya bure, na ina zaidi ya miaka 20. Inaitwa QEMU.

Mwaka 2003 mhandisi Mfaransa, Fabrice Bellard, aliitoa programu hiyo kwa umma. Bellard ni yule yule aliyeanzisha FFmpeg mwaka 2000, programu ya kuchakata video na sauti ambayo leo imo ndani ya vicheza video vingi duniani, na ambaye mwishoni mwa 2009 alikokotoa tarakimu za pai zikakaribia trilioni 2.7 kwa kutumia kompyuta moja ya kawaida ya mezani, rekodi ambayo kabla yake ilishikiliwa na kompyuta kubwa za mamilioni ya dola. Ni mtu wa kutoa mengi kutoka kwenye mashine ndogo. Kwetu sisi, ambao mashine zetu ni ndogo na nyingi ni za mitumba, tabia hiyo ina maana kubwa.

Kazi ya QEMU ni kuigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Kila prosesa ina seti yake ya amri inazozielewa. Ile iliyo ndani ya simu ya mvuvi wa Kahendero karibu hakika ni ya ukoo wa ARM. Ile iliyo ndani ya laptopu iliyonunuliwa Kampala kwa kawaida ni ya ukoo wa x86. Amri za moja hazina maana kwa nyingine. QEMU inakaa katikati. Inasoma amri za prosesa isiyokuwepo, kipande kwa kipande, inazigeuza kuwa amri za prosesa iliyopo, na kila kipande ilichokigeuza inakiweka akiba. Aliyewahi kusimama katika soko la Mpondwe atalielewa hili upesi. Mfanyabiashara wa Kampala anayejua Kiganda tu anapojadiliana na mama wa Beni anayesema Kinande, wanahitaji mkalimani, na mkalimani mzuri hapigi hesabu upya kila sentensi ya bei inaporudiwa. Akishaitafsiri mara moja anaitoa papo hapo mara ya pili, ya tatu na ya mia. Programu za kompyuta hurudia sentensi zile zile mara milioni, na hapo ndipo akiba ile inapookoa muda. Bellard aliieleza mbinu hiyo katika mkutano wa USENIX mwaka 2005, kwa karatasi fupi ambayo bado inafundishwa vyuoni.

QEMU haiigizi prosesa peke yake. Inaigiza pia diski, kadi ya mtandao, kibodi, skrini na saa, kiasi kwamba mfumo endeshi uliowekwa humo, ambao mafundi huuita mgeni, unaamini una kompyuta yake. Diski ya mgeni ni faili tu ndani ya kompyuta mwenyeji. Ukiifuta yote, umefuta faili. Kompyuta ya shule iko salama, na barua za mwalimu mkuu ziko pale pale.

Tafsiri hii ina gharama, na asiyeambiwa mapema atakata tamaa siku ya kwanza. Kuigiza prosesa ya ukoo mwingine kunaweza kuifanya mashine iwe nzito mara kadhaa kuliko kawaida. Lakini mgeni na mwenyeji wakiwa wa ukoo mmoja, hakuna haja ya kutafsiri kila amri. Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 waliongeza ndani ya prosesa zao uwezo wa kumhudumia mgeni moja kwa moja, na mwezi Februari 2007 kerneli ya Linux toleo la 2.6.20 ilikuja na KVM, sehemu inayoutumia uwezo huo, kazi ya kampuni ndogo ya Israeli iliyoitwa Qumranet na mhandisi wake Avi Kivity. Red Hat waliinunua kampuni hiyo mwaka uliofuata kwa dola milioni 107. QEMU ikishirikiana na KVM, mgeni hukimbia karibu sawa na mwenyeji. Fundi wa Bwera anachopaswa kujua ni kwamba laptopu nyingi za mitumba zina uwezo huu lakini umezimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Kuuwasha ni kazi ya dakika mbili isiyogharimu hata shilingi.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yana uhusiano wowote na Afrika, au ni habari za Wafaransa na Waisraeli tunazoletewa kama kawaida. Yana uhusiano, tena wa karibu.

Mwaka 2000 wahandisi wa mitandao wa bara hili walianza warsha za AfNOG, na mwaka 2003, mwaka ule ule QEMU ilipotoka, warsha hiyo ilifanyika Kampala. Waliofunzwa katika warsha za aina hiyo wamo miongoni mwa waliosimamisha na kuendesha vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti katika nchi nyingi za Afrika. Tatizo lao kubwa lilikuwa vifaa. Ruta halisi ni ghali, ni nzito, inahitaji umeme wa uhakika, na kumfundisha mtu kuunganisha mitandao kumi kunahitaji ruta kumi. Kisha mwaka 2005 Mfaransa mwingine, Christophe Fillot, alitoa Dynamips, programu huria inayoigiza ruta za Cisco zikiwemo za mfululizo wa 7200 zinazotumia prosesa za MIPS. Wakufunzi wa NSRC, kituo cha Chuo Kikuu cha Oregon ambacho kimefanya kazi na wahandisi wa Afrika kwa miongo mitatu, waliingiza viigaji katika mafunzo yao. Kompyuta moja ikawa inabeba mtandao mzima wa taifa la kubuni, na mwanafunzi akaweza kuuangusha wote kwa amri moja mbovu bila mtu yeyote nje ya darasa kukatikiwa na intaneti. Hilo la kuuangusha ndilo lililowafanya kuwa wahandisi.

Jambo la pili lilitokea Cape Town. Huduma ya EC2 ya Amazon, ambayo humkodishia mtu yeyote mashine pepe, yaani mgeni wa aina ile ile, kwa saa na ambayo ilibadilisha biashara ya kompyuta duniani kote, ilijengwa na timu iliyokaa Afrika Kusini, ikiongozwa na Chris Pinkham, mwana wa nchi hiyo aliyetaka kurudi nyumbani. Ilifunguliwa Agosti 2006 ikitumia Xen, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Baadaye, kuanzia 2017, Amazon ilianza kuhamia mfumo uliojengwa juu ya KVM. Kwa hiyo kijana wa Kahendero anayejifunza KVM kwenye laptopu ya mkopo anajifunza msingi ule ule unaobeba biashara hizo za mabilioni. Si toleo la maskini lililopunguzwa. Ni lenyewe.

Kasese imezoea mpango tofauti. Reli ilifika mjini hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulifungwa mwaka 1982, na kuanzia 1999 kiwanda kilichojengwa baina ya mji na Ziwa George kilichuja kobalti kutoka kwenye mabaki yaliyoachwa na wachimbaji hadi mabaki yenyewe yakaisha. Madini yalitoka, na vifaa vilivyotengenezwa mbali vikaingia vikiwa vimefungwa kwa skrubu, visivyoruhusu jicho la mtoto ndani yake. Programu huria haina skrubu. QEMU inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo inampa kila mpokeaji haki ya kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumpa jirani.

Niseme kidogo kuhusu simu, kwa kuwa ndizo kompyuta za watu wengi hapa. Kijana anayetaka kutengeneza programu ya Android, tuseme ya kuwaonyesha wachuuzi wa samaki bei za ngege mjini Kasese, Katwe na Mpondwe, anahitaji kuijaribu kwenye simu za aina nyingi: mpya, za zamani, zenye skrini ndogo, zenye kumbukumbu finyu. Hawezi kuzinunua zote. Kiigaji cha Android ambacho Google hukitoa pamoja na zana za waandishi wa programu kimejengwa juu ya QEMU, na ndani yake unaweza kuunda simu kadri unavyotaka. Kwa bahati mbaya kiigaji hicho kinahitaji laptopu yenye kumbukumbu ya kutosha, na picha ya mfumo mmoja tu wa simu huzidi gigabaiti moja kupakua. Hapo ndipo neno bure linapoanza kupungua thamani.

Julai 2018 Serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilipoondolewa, Julai 2021 ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Sheria ilisamehe data ya huduma za matibabu na elimu, lakini kijana anayenunua bando kibandani Kahendero ananunua bando kama mtu mwingine yeyote na analipa kodi kama mtu mwingine yeyote. Programu isiyouzwa inamfikia ikiwa na bei, na bei hiyo inakwenda kwa kampuni ya simu na hazina ya taifa. Sioni haki yoyote katika hilo, na sidhani litarekebishwa karibuni.

Pia kuna yale ya Januari 2021. Usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa tarehe 14 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudishwa tarehe 18, na Facebook ikabaki imefungwa. Kwa siku hizo kila aliyekuwa akijifunza kwa mashine za kukodi mtandaoni aliachwa mikono mitupu. Aliyekuwa na mgeni wake ndani ya laptopu yake mwenyewe aliendelea na kazi. Kila mara nikisikia watu wa mijini wakisema kila kitu sasa kiko mtandaoni nakumbuka siku zile tano, na nasema kwa wilaya iliyo mpakani kama Kasese mashine iliyo mkononi haina mbadala.

Ndiyo maana naamini njia sahihi ya kuifikisha QEMU Kahendero ni flashi. Mtu mmoja aipakue mahali penye intaneti nzuri na ya bei nafuu, kisha ibebwe kwa bodaboda. Alpine Linux, katika toleo lake lililopunguzwa kwa ajili ya mashine pepe, haifiki megabaiti 100, na mgeni wake anaridhika na megabaiti 256 za kumbukumbu au hata chini ya hapo. Laptopu yenye gigabaiti 4 inaweza kubeba wageni watatu wanaozungumza kwa mtandao wao wa ndani, mmoja akiwa seva, mmoja ruta, mmoja mteja. Maabara nzima ya mitandao mezani, bila waya.

Muundo wa faili za diski za QEMU, unaoitwa qcow2, kana kwamba ulibuniwa na mtu aliyewahi kufundisha shule isiyo na vifaa. Diski ikitangazwa kuwa ya gigabaiti 10, faili lake huanza likiwa dogo sana na hukua kulingana na kilichoandikwa humo. Zaidi ya hapo, mwalimu anaweza kuandaa diski moja ya msingi na kumpa kila mwanafunzi faili dogo la juu yake. Wote husoma msingi ule ule, lakini kila mabadiliko ya mwanafunzi huingia kwenye faili lake. Akiharibu, faili lake linatupwa, anapewa jingine, na msingi haujaguswa. Darasa la watu 40 linaweza kuharibu mashine 40 kabla ya kengele ya chai.

Ofisi nazo zina lao. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, lakini programu za zamani za hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya XP au hata kwa DOS hazikufa siku hiyo. Ofisi iliyoachiwa kompyuta moja kuukuu yenye daftari la wanachama la miaka 15 inaishi kwa hofu kwamba siku ile diski itakapoanza kulia, kumbukumbu zote zimekwenda. Diski hiyo inaweza kunakiliwa nzima kuwa faili, ikawashwa kama mgeni ndani ya kompyuta mpya, bila kuunganishwa na intaneti, na daftari likasomeka kama zamani. Leseni ya Windows inabaki kuwa ya kulipiwa hata ikiwa ndani ya mashine pepe, na hilo lisifichwe. Vivyo hivyo mfumo wa ruta za Cisco unaoendeshwa ndani ya Dynamips ni mali ya Cisco. Chombo ni huria, lakini kinachopakiwa ndani yake kinaweza kuwa na mwenyewe.

Wala ukuta kati ya mgeni na mwenyeji si wa kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM. Ilikuwa katika sehemu ya QEMU inayoigiza kiendeshi cha diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa bado anakitumia, na ilikuwa imelala humo tangu 2004. Mgeni mwenye nia mbaya angeweza kupenya na kumshambulia mwenyeji. Ilirekebishwa haraka na hadharani. Shule ikipokea QEMU kwa flashi, basi flashi hiyo na ije tena kila mwaka ikiwa na toleo jipya.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakitatuliwi na flashi. Mwongozo wa QEMU ni mrefu, ni mgumu na ni wa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na uliweza kufanya hivyo kwa sababu leseni huria iliruhusu. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Bwera na Mpondwe hazikusubiri idhini hiyo, kwani Kiswahili cha mpakani kimekuwa lugha ya biashara hapo kwa muda mrefu, pamoja na Lhukonzo na Kinande. Kurasa 20 tu za Kiswahili chepesi, zinazomwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuunda diski, kumwasha mgeni na kuunganisha wageni wawili, zingefaa zaidi kuliko kompyuta tano za msaada zinazofika zikiwa zimefungwa kwa nywila. Walimu wa ICT wa Kasese wanaweza kuziandika wenyewe, na walimu wa Beni na Butembo ng'ambo ya mpaka wakazitumia bila kubadilisha mengi.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji bajeti ya wilaya wala mgeni wa heshima wa kukata utepe. Kinachohitajika ni ruhusa ya mwalimu mkuu kuweka programu moja kwenye kompyuta zilizopo, na saa mbili za mchana siku ya Jumamosi. Somo la kwanza naliona hivi. Wanafunzi wawili wawili wanaunda diski ya gigabaiti 2, wanasakinisha Alpine, wanaandika faili lenye majina yao, wanahifadhi nakala ya hali hiyo. Kisha mwalimu anawaamuru wafute kila kitu kuanzia mzizi wa mfumo, wazime, wawashe, na wanakili kwenye daftari maneno yote ya kosa yanayotokea skrini. Nusu saa ya kujadili kila neno linasema nini. Halafu warudishe nakala, wahakikishe majina yao yapo, na wafute tena kwa njia nyingine.